Hita ya Eskil Norrby

Hita iliwaka kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na kwa mara ya tatu haikuonyesha kosa lolote.

Inspekta Ragnhild Hallin alikuwa amelala chali kwenye saruji ya uwanja wa karakana ya polisi, nusu ya mwili wake chini ya gari-nyumba la marehemu, tochi kaing'ata kwa meno. Karibu na sikio lake pampu ndogo ya mafuta iligonga tik, tik, tik, ikisukuma dizeli kwenda kwenye hita. Bomba la moshi likakohoa, likatoa moshi mweupe kidogo, kisha likatulia na kupuliza hewa ya moto isiyoonekana kwa macho. Hita isiyo na ubovu hufanya hivyo hasa, na Ragnhild alikasirika kuiona nzima.

"Kipimo kinasemaje huko ndani?" aliuliza baada ya kutoa tochi mdomoni.

"Sifuri," Dag Wiklander alijibu kutoka ndani ya gari. "Sifuri tupu. Unaweza kumlaza mtoto mchanga humu."

"Jumapili alilala mtu mzima, Jumatatu hakuamka."

Dag alikisoma kipimo tena. Alikuwa mtaalamu wa polisi wa mitambo, mtu wa kusini mwa Sweden, ambako theluji huja kama mgeni na kuondoka kabla ya kuzoeleka. Jana yake alikuwa ameifungua hita hiyo na kukuta chumba chake cha moto kimejaa masizi. Akaandika kwamba fundi aliyeifunga aliharibu kazi. Maneno hayo yalikuwa yamemfurahisha sana mwendesha mashtaka Ahlgren.

Ahlgren alikuwa na sababu ya kufurahi. Eskil Norrby, mwalimu mstaafu wa michezo, alikutwa amekufa kitandani ndani ya gari hilo, kwenye kambi ya wavuvi kando ya ziwa la Ripsjön. Daktari alikuta damu yake imejaa kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha. Hita ilikuwa chini ya sakafu, mita moja kutoka kwenye mto wake. Aliyeifunga ni shemeji yake, Joar Flodin, ndugu wa marehemu mke wake. Huyo Joar alikuwa amegombana na Eskil hadharani ndani ya sauna ya kambi, chumba cha kuoga mvuke, wiki moja kabla, akamwambia mbele ya wanaume sita waliokuwa uchi kwamba siku moja atalala ndani ya gari lake asiamke. Na asubuhi ya Jumatatu jirani alimwona Joar akichota theluji kwa beleshi kulizunguka gari, wakati maiti iko ndani na polisi hawajaitwa.

Juu ya yote hayo, Joar mwenyewe alikuwa amekiri. Aliifunga hita vibaya, alisema, na hakutaka kuongeza neno. Saa sita mchana ilikuwa mwisho wa muda wa kumshikilia. Kabla ya hapo Ahlgren alipaswa kuiomba mahakama amri ya kumweka mahabusu, au amfungulie mlango aende zake.

Ragnhild alijivuta kutoka chini ya gari na kujipangusa magoti. Yeye mwenyewe alikuwa na gari-nyumba kuukuu, na kila majira ya baridi aliifungua hita yake kwenye meza ya jikoni, mume wake akilalamika. Alizijua hizi mashine na vituko vyake. Hazifi bila kusema kinachoziua, ila lazima uziulize kwa mpangilio.

Basi wakaiuliza. Dizeli ya kwenye tangi ilikuwa ya majira ya baridi, safi, haijaganda hata chembe. Mrija wa mafuta haukuwa na viputo vya hewa. Betri ilikuwa na nguvu, na plagi ya joto inayowasha moto ilikuwa nyekundu vizuri. Walipima mafuta yanayotolewa na pampu kwa kuyakinga kwenye bilauri ya maabara, yakawa kama kitabu kinavyotaka. Bomba la kuvuta hewa lilikuwa wazi toka mwanzo hadi mwisho. Bomba la moshi lilikazwa kwa mikanda miwili ya chuma mahali ambapo mafundi wengi huweka mmoja na kumshukuru Mungu. Mahali lilipopita karibu na sakafu palizibwa kwa gundi isiyopasuka kwa joto.

"Hii kazi ni safi," Ragnhild alisema. "Ningempa gari langu alifungie hita na nikalala usingizi."

"Halafu masizi?"

"Moto ulikosa hewa."

"Bomba la hewa liko wazi, umeliona mwenyewe."

"Liko wazi hapa," Ragnhild alisema.

Alipanda ndani. Kidude cha kuwashia hita kilikuwa ukutani, na kioo chake kilikuwa bado kimehifadhi namba ya hitilafu ya mwisho ya usiku ule. Maana yake ni kwamba moto ulizimika wenyewe wakati hita inafanya kazi. Dag aliieleza kuwa ni mafuta kukatika. Lakini mafuta hayakukatika, hilo walikuwa wamelimaliza. Ragnhild akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Chini ya kabati la jiko kulikuwa na matundu mawili yenye wavu, yaliyotobolewa makusudi ili gesi ya kupikia ikivuja idondoke nje. Kila gari la namna hiyo linayo. Alitoa leso nyeupe ya karatasi, akafuta ukingo wa wavu kwa upande wa ndani, akamwonyesha Dag. Leso ilikuwa nyeusi.

Kwa haki ya Dag inabidi isemwe kwamba hakubisha.

"Moshi haukuvuja kwenye bomba," alisema. "Ulijaa chini ya gari ukapanda juu."

"Na kengele ya kuonya gesi?"

"Iko kwenye droo, haina betri. Alama za vidole ni za marehemu peke yake." Dag akakuna kidevu. "Lakini chini ya gari kuna upepo wa nchi nzima, mama. Moshi utajaaje mahali pa wazi?"

"Nipe turubai."

Walilivisha gari turubai kuanzia kingo zake za chini hadi ardhini, pande zote, wakakandamiza pindo kwa matairi chakavu. Dag aliacha kipimo ndani juu ya mto, akafunga mlango, wakasimama nje wakichungulia dirishani. Kwa dakika chache hakikutokea kitu. Kisha namba kwenye kipimo zikaanza kupanda, kwanza kwa kujivuta, halafu kwa pupa. Hita ilikuwa ikivuta moshi wake yenyewe na kujaribu kuuchoma tena. Ngurumo yake ilibadilika, pampu ikaanza kugonga ovyo, na kipimo kikalia kwa sauti ya kuumiza meno. Baadaye kukawa kimya. Dag alifungua milango yote, akasubiri, akaingia kusoma kioo. Akarudi nje.

"Namba ileile," alisema. "Sasa ni nani aliyelifunika gari lake? Polisi wa doria walilikuta liko wazi kabisa. Nimeona picha."

Ragnhild aliweka tochi mfukoni. Alikuwa ameshika funguo za gari lake, na moyo wake ulikuwa umeingiwa na kitu asichokipenda. Dag angeweza kusamehewa kwa kutojua. Lakini Ragnhild alizaliwa huku kaskazini.

Ili kutoka ilibidi apite ukumbini, na ukumbini alikuwapo Tyra Norrby. Binti pekee wa Eskil alikuwa amekaa kwenye benchi hilo tangu milango ilipofunguliwa, koti bado kalivaa, macho yamevimba. Siku zote tatu alikuja. Siku zote tatu aliuliza swali moja.

"Mmemfungulia mashtaka?"

"Bado," Ragnhild alisema. "Usiende mbali, Tyra. Nitahitaji kuzungumza nawe."

"Siendi popote. Nataka nimwone anavyopelekwa. Alikula kwenye meza yetu huyo, tangu mama yangu afe alikula kwenye meza yetu."

Ragnhild akaitikia kwa kichwa na kutoka haraka kuliko ilivyompasa.

Kambi ya Ripsjön haikuwa mbali. Jua la Machi lilikuwa kali juu ya barafu, na huko ziwani watu walikaa juu ya vigoda karibu na matundu waliyotoboa kwenye barafu, migongo kwa upepo, wakichezesha ndoano. Ufukweni karavani za kukokotwa zilipangwa kwa safu. Zote zilikuwa zimezungukwa na theluji hadi karibu na madirisha, theluji iliyoshindiliwa na kulainishwa kwa nyuma ya beleshi hadi ikawa ukuta. Ragnhild aliziona hizo kuta tangu anajua kutembea. Leo alisimama akazitazama moja baada ya nyingine, na baadaye akatazama mapaa. Kila paa lilikuwa na dohani fupi, na kila dohani ilifuka.

Mahali pa gari la Eskil palibaki pengo la mstatili. Kando yake, karibu na msitu wa misonobari midogo, kulikuwa na lundo la theluji lililofunikwa na theluji mpya nyembamba.

Jirani, Hjördis Åslund, alitoka kwenye karavani yake kabla hajabishiwa hodi. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, kavaa ovaroli ya pikipiki ya theluji, mkononi ana kikombe cha kahawa ambacho tayari alikuwa amemmiminia mgeni.

"Kunywa kwanza, mwanangu. Umepauka kama samaki."

Ragnhild alikunywa, maana kukataa kahawa huko ni kuanzisha ugomvi. Akamwomba asimulie tena asubuhi ya Jumatatu. Hjördis akasimulia kama alivyoiambia doria. Alisikia beleshi, akafungua pazia, akamwona Joar anachota theluji.

"Alisema alikuwa anatengeneza njia ya gari la wagonjwa," Ragnhild alisema.

"Njia? Alizunguka gari lote! Mbele, nyuma, ubavu huu na ule. Alikuwa anachota anatupa kule, anachota anatupa. Na alikuwa analia."

Ragnhild akashusha kikombe. "Hukuwaambia kwamba alikuwa analia."

"Hamkuniuliza. Yule kijana wenu aliniuliza alikuwa anafanya nini. Nikamwambia anachota theluji. Mtu akitaka kujua mengine si aulize?"

Ragnhild aliazima beleshi la bibi huyo, akaenda kwenye lundo. Alichimba taratibu, akiweka kila donge pembeni. Theluji ya kawaida huvunjika na kumwagika. Hii ilitoka kwa mabonge magumu, mengine bado yana alama bapa za beleshi lililoyashindilia. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mgongoni alipolifikia lile alilolitafuta, na alipoligeuza alitamani asingelipata. Lilikuwa kubwa kama mto wa kulalia. Upande mmoja ulikuwa mweupe na laini. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka na kuganda tena, umechimbika kama bakuli, una ngozi ya barafu inayong'aa, na bakuli hilo lote lilikuwa jeusi kwa masizi.

Alilipiga picha mahali pake, akalipiga picha na kipimo cha urefu pembeni, akalifunga kwenye mfuko wa ushahidi na kuliweka kwenye sanduku la baridi. Mikono ilifanya kazi yake. Kisha akarudi kwa Hjördis na kumuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa analijua.

"Mama Hjördis, nieleze unavyoifunga karavani yako."

Bibi huyo alishangaa, lakini lilikuwa swali la kumpendeza. Unaanza chini, alieleza, unashindilia kwa mguu, unapanda hadi juu ya ukingo, na huachi tundu hata la panya, maana tundu moja tu upepo unaingia chini ya sakafu na usiku mzima miguu inakuwa barafu. Mwisho unanyunyiza maji kidogo mpaka ukuta ukaze. Watu wavivu huacha upande mmoja halafu wanashangaa bili ya gesi.

"Na moshi wa hita?"

Hjördis alielekeza kidole juu ya paa lake bila hata kutazama. "Unatoka pale, utatoka wapi tena? Hata ile karavani ya Eskil ilikuwa hivyohivyo. Ilisimama hapahapa miaka na miaka, Tyra alikulia humo. Mwaka jana ndipo akaiuza akanunua hilo la injini, Joar alimshawishi."

"Nani alilifungia theluji gari la Eskil Jumapili?"

"Mimi nilikuwa ziwani mpaka giza. Eskil asingeweza, bega lake lilikuwa limetoka, mkono uko kwenye kitambaa. Ila niliporudi lilikuwa limefungwa vizuri mno, kazi ya mtu anayejua. Nikasema moyoni, leo mzee atalala vizuri." Alimtazama Ragnhild, akatazama lile pengo. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Ragnhild alimshukuru kwa kahawa, akasema atarudi. Jumapili Joar alikuwa zamu kwenye kiwanda cha mbao kuanzia asubuhi hadi usiku, wenzake wote walithibitisha. Mgeni wa Eskil siku hiyo alikuwa mmoja tu, na mgeni huyo alikuwa amelisema mwenyewe kwenye maelezo yake ya kwanza. Alimpelekea baba yake mikate ya iliki, wakanywa kahawa, akaondoka kabla ya giza.

Joar Flodin aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya kazi. Alikaa, akatazama meza. Wakili wake alikuwa njiani, na Joar akasema hamhitaji.

"Nimelala chini ya hita yako asubuhi nzima," Ragnhild alisema. "Ni kazi safi."

"Si safi."

"Mikanda miwili kwenye bomba, Joar."

"Nilikosea kipimo cha pampu."

"Tumekipima. Hukukosea." Akafungua faili. "Fundi muuaji huapa kazi yake ni nzuri. Wewe ni fundi mzuri unayeapa kazi yake ni mbaya. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijawahi kukutana na mtu kama wewe."

Joar akarudi kutazama meza.

"Yale maneno ya kwenye sauna. Ulikuwa unamgombeza kwa sababu alitoa betri kwenye kengele ya gesi."

"Ilikuwa inalia akikaanga samaki," Joar alisema. "Nilimwambia mara ngapi. Mara ngapi!"

Ragnhild aliweka picha ya donge jeusi mezani. Joar aliitazama kidogo tu, akaifunika kwa kiganja chake kizima, kana kwamba mtu mwingine ndani ya chumba angeweza kuiona.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mtaalamu wangu anajua gari lilizibwa chini. Hajajua na nani."

"Basi ni wewe peke yako. Ragnhild, nisikilize." Aliinama mbele. Hakumwita inspekta, na huku hakuna anayeona ajabu. "Nilipofungua mlango Eskil alikuwa baridi, alishakufa zamani. Nikazunguka nje nikaona ule ukuta. Nikajua nani kaujenga, nimemfundisha mimi na baba yake, alikuwa mtoto na beleshi lake la plastiki jekundu. Sikufikiri. Nikachota. Nilitaka tu usiwepo atakapofika."

"Na ukajitwisha wewe."

"Kwani ni uongo? Mimi ndiye niliyeweka bomba chini. Mimi ndiye niliyesema uzeni karavani. Eskil nilimwonyesha kila kitu, nikamwambia upande wa bomba usiuguse. Tyra sikumwonyesha. Kazi ya dakika moja, na sikumwonyesha." Alifuta uso kwa mkono. "Andika uzembe. Sina mke, sina mtoto, nitakaa huko ndani nitatoka. Yeye ana maisha yote mbele yake. Akijua, atalala vipi?"

"Yuko ukumbini, Joar. Anangoja akuone unavyopelekwa."

"Najua. Aningoje tu. Chuki inamweka mtu wima."

Ragnhild alimwonea huruma kiasi cha kutaka kuondoka chumbani. Alimhurumia zaidi kwa kuwa ombi lenyewe lilikuwa rahisi. Ahlgren alikuwa anataka karatasi ya namna hiyo hasa, na Dag angeweza kushawishika kwamba turubai ni turubai tu. Hakuna mtu angelalamika, hata mtuhumiwa.

"Siwezi kuandika kitu ambacho hakikutokea," alisema. "Na nikiandika leo, kesho kutwa kuna mtu mwingine atalishindilia theluji gari la baba yake."

Joar aliinua kiganja juu ya picha. Hakuitazama tena.

Ragnhild alimpeleka Tyra kwenye chumba chake cha kazi, kile chenye dirisha na kiti chenye mto, akafunga mlango. Saa ukutani ilikuwa inaelekea saa tano na nusu. Tyra hakukaa.

"Leo anakwenda, siyo? Niambie anakwenda."

"Kaa kwanza. Nieleze Jumapili. Baada ya kahawa mlifanya nini?"

"Nimeshaeleza."

"Ulieleza mikate na kahawa. Nataka yaliyofuata."

Tyra aliketi kwenye ncha ya kiti, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Alimwoshea baba vyombo. Alimkatia samaki, kwa vile mkono mmoja haukufanya kazi. Halafu redio ikatangaza usiku wa baridi kali, naye akaona gari liko wazi chini, upepo unapita.

"Nikatoka nikalifunga," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ulilainika. "Peke yangu. Pande zote nne. Nilitoka jasho mpaka nikavua koti. Baba alikaa dirishani akinisimamia, unamjua alivyokuwa, mwalimu wa michezo mpaka kaburini. Akawa anagonga kioo na kunionyesha kwa kidole. Pale bado, na pale. Mwisho akanionyesha tundu moja chini ya mlango wa pembeni, nikalijaza, nikalipiga kwa beleshi, akaniinulia dole gumba."

Ragnhild alikuwa ameacha kuandika. Chini ya mlango wa pembeni ndipo bomba la moshi lilipotokea.

"Baba yako alikuonyesha lile la mwisho?"

"Ndiyo. Alikuwa anajua kufunga karavani kuliko mtu yeyote." Tyra alisita. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Hii haikuwa karavani, Tyra."

"Najua haikuwa karavani, lilikuwa gari, lakini..."

Ragnhild alimwacha amalize mwenyewe. Baadaye alijilaumu kwa hilo, ingawa hakujua angefanya nini kingine. Aliona macho ya msichana yakipanda juu taratibu, kwenye paa la gari ambalo halikuwamo chumbani, yakitafuta dohani. Yakaikosa. Yakashuka.

"Moshi wake unatokea wapi?" Tyra aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chini. Pale ulipojaza mwisho."

Hakulia. Alishika kingo za kiti kwa mikono yote miwili na kuinama, na Ragnhild alizunguka meza akapiga magoti karibu yake. Akamwambia kile alichokuwa nacho, na hakikuwa kingi. Hakuna mahakama itakayomgusa. Lilikuwa gari la baba yake, baba huyo alilijua, alishaonyeshwa bomba, na bado kidole chake kilienda palepale kilipozoea kwenda. Walisahau wote wawili, kwa pamoja, wakisaidiana.

Tyra alisikia, au hakusikia. Mwishowe akainua kichwa.

"Mjomba alikuwa anachota theluji," alisema. "Jirani aliona. Alikuwa anaitoa."

"Ndiyo."

"Alijua."

"Alijua tangu alipouona ukuta."

"Nipeleke."

Kulikuwa na kanuni kuhusu hilo, na Ragnhild alizijua zote. Alimpeleka. Joar alikuwa bado kwenye chumba cha mahojiano, na mlango ulipofunguka akainuka, akamwona aliyesimama nyuma ya inspekta, akaelewa.

"Nilikuomba," alimwambia Ragnhild.

Tyra alimpita inspekta, akasimama mbele ya mjomba wake. Alikuwa mfupi, ilibidi amtazame kwa kuinua shingo.

"Ungeniacha nikuchukie?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Muda wote ambao ungehitaji," Joar alisema.

Tyra alimpiga ngumi kifuani kwa nguvu zake zote. Akampiga tena. Ya tatu haikufika, kwa sababu alianguka, na Joar, aliyekuwa amesimama bila hata kujikinga, akamdaka kabla hajagusa sakafu.